Tairi Likipasuka, Mkono Utulie

Toyo, ile bajaji ya mizigo, limebeba magunia sita ya mahindi kutoka Mashewa, linateremka kuelekea Magoma, na dereva ana haraka ya kufika Korogwe kabla jua halijawa kali. Nyuma kushoto kunalia paa! Chombo kinazama upande huo na kuanza kuvuta kwenda mtaroni. Dereva anakata usukani kulia kwa nguvu zake zote, kama ambavyo wewe au mimi tungefanya. Kufumba na kufumbua, toyo limelala ubavu wa kushoto, magunia yamemwagika, na jioni kijiweni hadithi ni moja tu: "Tairi limenipindua, kaka."

Mfano huo nimeutunga. Lakini waulize madereva wa bonde la Lwengera, inakopita njia hiyo, sidhani kama utamkosa mmoja atakayesema anamjua mtu yaliyomkuta hayo. Nami nitambishia mtu huyo kwa heshima zote: tairi lilimvuta tu. Kilichompindua ni mkono wake mwenyewe.

Ili tuelewane, tuanze na mafiga. Sufuria likikaa juu ya mafiga matatu halichezi hata ardhi ikiwa na mabonde, ndiyo maana bajaji ikisimama inaonekana imetulia kuliko pikipiki ya magurudumu mawili. Tatizo ni kwamba mafiga ya bajaji hayakupangwa kwa duara. Moja liko mbele peke yake, mawili yako nyuma. Ukichora mstari kuyaunganisha unapata pembetatu yenye ncha mbele. Uzito wa chombo na mzigo wake ukiangukia ndani ya pembetatu hiyo, uko salama. Ukitoka nje ya mstari, hata kwa kiganja, unalala. Gari la magurudumu manne lina mstatili, upana wake mbele ni sawa na nyuma. Bajaji inapungua upana kila unaposogea mbele, na breki kali husogeza uzito mbele, yaani huupeleka kule kwenye wembamba.

Sasa tairi la nyuma kushoto limeisha upepo. Rimu imeshuka sentimita kadhaa, bodi imeinamia kushoto, uzito umeukaribia mstari wa upande ule. Bado haujavuka. Hapo ndipo dereva anapokata kulia. Mzigo hautaki kugeuka naye, unataka kuendelea ulikokuwa unakwenda, kwa hiyo unajitupa kushoto. Abiria yeyote analijua jambo hili kwa mwili wake: bajaji ikikata kulia ghafla, bega lako linamgonga jirani wa kushoto. Kuinama kwa tairi na kutupwa kwa mzigo vimekwenda upande mmoja, vikajumlishana. Ndiyo hesabu nzima ya ajali ile.

Tabia hii ya magurudumu matatu haikuanzia kwetu. Nchini Marekani, mwaka 1988, watengenezaji wa pikipiki za magurudumu matatu za kuendeshea maporini na michangani walikubaliana na serikali kuacha kuziuza, baada ya miaka ya majeruhi na vifo, na biashara ikahamia kwenye zile za magurudumu manne. Sisi hatuwezi kufanya hivyo. Mashewa bila bajaji na toyo, mama mjamzito na gunia la mahindi watabaki nyumbani. Basi tujifunze kuishi nazo.

Kanuni ya kwanza tairi likipasuka ni kufanya machache. Shika usukani kwa mikono miwili, imara bila kukakamaa, na uelekeze chombo mbele moja kwa moja. Achia mafuta taratibu. Usikamate klachi, kwa sababu injini iliyo kwenye gia inakupunguzia mwendo kwa upole ambao mguu wako hauwezi kuuiga. Breki iache kwanza. Kwenye bajaji nyingi pedeli moja inashika magurudumu yote matatu, na gurudumu lililokwisha upepo halishiki kama mwenzake, hivyo ukiikanyaga kwa pupa chombo kinazunguka. Subiri mwendo ushuke hadi kama wa mtu anayekimbia, ndipo uiguse kidogo kidogo ukiwa umenyooka.

Kushoto au kulia? Tanzania tunaendesha kushoto. Tairi la kushoto likipasuka linakuvuta kwenye ukingo wa barabara, ambako ndiko unakotaka kwenda hata hivyo. Libembeleze likupeleke huko polepole, ukijihadhari tu na mtaro. La kulia likipasuka ni balaa zaidi, maana linakuvuta kwa wanaokuja. Hapo unakaza mkono kuzuia chombo kisivuke, lakini kukaza si kuvuta. Ukikata kushoto kwa ghafla umerudia kosa la yule wa mahindi, upande wa pili.

La mbele lina ugonjwa wake. Halibebi uzito mkubwa, ila ndilo linaloongoza. Likiisha upepo usukani unakuwa mzito kisha unaanza kutetemeka, na tairi linaweza kuvuka ukingo wa rimu. Wenye toyo lenye breki ya mbele ya mkononi, vidole viwe mbali nayo kabisa. Kaza mikono, achia mafuta, na usijaribu kukwepa shimo. Pita juu yake. Shimo litakuumiza mgongo, kona itakulaza.

Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa unakula mita 11 kila sekunde. Ukitumia sekunde moja na nusu kushangaa, umeshapita mita 16 kabla hujafanya lolote. Kwa hiyo mambo haya hayasomwi siku ya ajali. Dereva mwenye akili huyarudia kichwani akiwa kijiweni anasubiri abiria: likipasuka la kushoto nitafanya nini, likipasuka la mbele je?

Abiria nao wana sehemu yao, na kwa kawaida huifanya vibaya. Wakisikia mlio, wa pembeni anataka kuruka. Aliyeruka kutoka bajaji inayotembea huangukia njia ya magurudumu ya nyuma, au ya gari linalofuata. Dereva apaze sauti mara moja, bila matusi: "Mama, kaa hivyo hivyo! Shika bomba!" Sauti tulivu ya dereva inasaidia kuliko mikono mitatu inayomng'ang'ania shati.

Tairi lenyewe je, linapasukaje? Hapa nina ugomvi na neno "ghafla". Mlio ni wa ghafla. Ugonjwa ulianza wiki kadhaa nyuma.

Tairi la bajaji huandikwa 4.00-8, maana yake upana wa inchi 4 na rimu ya inchi 8. Ni dogo. Mzunguko wake mmoja unakupeleka kama mita 1.3 tu, hivyo kila kilomita linazunguka karibu mara 770, wakati la gari dogo la kawaida huzunguka kama mara 530. Kila mzunguko, sehemu ya mpira inayogusa ardhi inakunjwa kisha inanyooka. Chukua waya, ukunje na kuunyoosha haraka haraka, kisha uguse palipokunjika: pana moto. Tairi linafanya hivyo hivyo. Lami ya Korogwe hadi Handeni ina urefu wa kilomita 65. Bajaji ikifika Handeni, kila kipande cha mpira wake kimekunjwa mara 50,000 hivi. Upepo ukiwa sawasawa, mkunjo ni mdogo na joto linavumilika. Upepo ukipungua, ubavu wa tairi unakunjwa zaidi, joto linapanda, nyuzi za ndani zinaachana na mpira, na siku moja ubavu unachanika wote kwa mpigo. Ongeza uzito juu yake na umeharakisha siku hiyo. Bajaji imeruhusiwa abiria watatu. Sheria ya vipimo nayo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita kipimo, bado zinapakiwa, na toyo la magunia sita ya lumbesa halijabeba magunia sita.

Njia za vumbi za Mashewa zinaua tairi kwa namna nyingine. Mwendo ni mdogo, joto si tatizo kubwa, ila kuna mawe yenye makali, miiba, na mashimo yanayobana tyubu kati ya jiwe na rimu. Na matairi haya mengi yana tyubu. Msumari ukiingia kwenye tairi lisilo na tyubu, mpira huubana na upepo huvuja polepole. Kwenye tyubu hakuna cha kubana: upepo unatoka kwenye tundu, unajaa nafasi kati ya tyubu na tairi, kisha unatokea kwenye tundu la valvu na maungio ya rimu. Pancha ya kawaida inageuka kuwa kupasuka ndani ya sekunde chache.

Dawa yake haina siri. Nunua kipimo cha upepo, kisha pima asubuhi tairi likiwa baridi, ukifuata kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha chombo chako. Kupiga tairi teke au kuligonga kwa spana kunakuambia kama lina upepo au halina, hakukuambii kama limepungua robo. Ukilikuta limepata moto njiani na kipimo kimepanda, usilipunguze. Likipoa litakuwa limepungukiwa. Pitisha kiganja ubavuni utafute uvimbe na mipasuko. Kashata, yaani ile mikato ya mpira inayokanyaga barabara, zikiisha, limeisha. Tena usinunue tairi kwa kutazama kashata peke yake. Ubavuni kuna tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira hukauka hata ukiwa dukani, juani zaidi.

Kuna kisa hapa ambacho huwa kinanifurahisha. Mpira wa upepo tunaoutumia leo ulianza kwenye magurudumu matatu. Mwaka 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alipata hataza ya tairi la upepo alilolibuni kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe, na baiskeli hiyo ilikuwa ya magurudumu matatu. Alikuwa akitafuta raha ya mtoto kwenye mawe ya mtaani. Lumbesa hakuziwazia.

Turudi barabarani: tairi limepasuka, nawe umesimama salama. Usishangilie mapema, kwa sababu watu huumia pia wakati wa kubadilisha. Kwanza weka gia, vuta breki ya mkono, na ukandamize jiwe kwenye gurudumu zima, hasa mkiwa kwenye mteremko. Shusha abiria wakae mbali na barabara, si mbele ya taa wakipiga soga. Kata matawi mabichi uyatandaze nyuma, hatua thelathini au zaidi kama kuna kona. Shusha na mzigo pia, hata kama dereva mwenzio anakuambia ni dakika mbili tu. Kuinua bajaji kwa kuilaza ubavu ni mazoea ya wengi, lakini petroli inaweza kumwagika na maji ya betri pia; jeki ndogo au gogo imara ni bora.

Kisha jambo ambalo ningetaka kila kijana wa kijiweni alijue kabla ya kushika spana. Rimu ya bajaji mara nyingi ni vipande viwili vilivyobanwa pamoja kwa nati. Kwa hiyo unaona nati za aina mbili: zinazolishikilia gurudumu kwenye chombo, na zinazoshikilia nusu mbili za rimu. Ukifungua hizi za pili tairi likiwa bado na upepo, nusu ya rimu inaruka kama risasi, na uso wako ndio ulioinamia hapo. Fungua nati za kulitoa gurudumu peke yake. Rimu mwachie fundi pancha, naye aanze kwa kutoa kidude cha valvu na kusubiri mpaka upepo wote umalizike, hata kama tairi linaonekana limelala. Wakati wa kurudishia, nati zote za rimu zikazwe kwanza ndipo pampu iguse tairi.

Uzuri mmoja wa bajaji ya abiria ni kwamba magurudumu yake matatu kwa kawaida yana saizi moja, kwa hiyo tairi moja la akiba linatosha kokote. Kwenye toyo angalia kwanza. La mbele na la nyuma huweza kutofautiana. Tairi la akiba nalo lipimwe upepo kila wiki. Nimeona mengi yaliyofungwa kwa kamba vizuri kabisa, na yamelala kuliko lililopasuka.

Ukishakaza nati ya mwisho, endesha kilomita chache kisha simama uzikaze tena. Na kabla hujaondoka pale, rudi nyuma ukaondoe matawi na mawe uliyoyaacha barabarani. Anayekuja usiku baada yako naye anatembelea tairi la inchi 8.