Mbio ya majaribio na mbio ya kazi

Wanafunzi wenzetu, tusidanganywe na namba. Merikebu ya vita ya Italia, Alberico da Barbiano, ilipojaribiwa ilikimbia noti 42, ni kusema kilometa 78 kwa saa. Lakini ilikuwa nyepesi, haikubeba mizinga yote. Tena watengenezaji walipata feza ya kuongeza kama wanapita mbio ya mapatano! Kazini, pamoja na mazutu, risasi na chakula, merikebu za namna ile zilifika noti 30 ao zaidi kidogo. Tarehe 19/7/1940, karibu na Kreta, ndugu yake Bartolomeo Colleoni ilijaribu kukimbia Sydney ya Australia, yenye noti 32. Haikuponyoka: ilipigwa, ikasimama, ikazamishwa. Basi, mwendo wa kweli tunaupima wakati mzigo uko juu.