Fidla hazikuja kusindikiza

Usiku wa Septemba 24, 1969, kwenye ukumbi wa Royal Albert Hall jijini London, Jon Lord, mpiga kinanda wa Deep Purple, alipanda jukwaani na wenzake wanne pamoja na Royal Philharmonic Orchestra nzima. Aliwatungia Concerto for Group and Orchestra, kazi yenye sehemu tatu. Katika sehemu ya kwanza, bendi hiyo iliyosaidia kuzaa muziki wa metali inavutana na okestra kama mahasimu. Kupatana kunakuja baadaye, tena taratibu.

Mwaka uliofuata nota zikapotea. Kwa karibu miaka 30 kazi hiyo haikupigwa tena, mpaka Mholanzi Marco de Goeij alipokaa na rekodi na video ya usiku ule, akasikiliza, akarudisha nyuma, akasikiliza tena, akiandika upya nota za ala moja baada ya nyingine. Lord mwenyewe na mwongozaji Paul Mann wakaikamilisha pamoja naye. Septemba 1999 ikapigwa katika ukumbi uleule. Mtu hajisumbui kiasi hicho kwa ajili ya pambo.

Miezi mitano kabla ya onyesho hilo, Aprili 21 na 22, bendi ya metali ya Metallica ilikuwa Berkeley, California, na San Francisco Symphony. Mwongozaji alikuwa Michael Kamen, aliyewahi kuiandikia fidla za wimbo wake Nothing Else Matters. Kazi yake ilikuwa ngumu: gitaa la metali, sauti yake ikishakwaruzwa na amplifaya, hujaza nafasi yote ya katikati, na fidla inayolifuata nota kwa nota humezwa. Kamen aliipa okestra melodia zake yenyewe, zinazopita juu ya magitaa, zinazoyajibu, wakati mwingine zinazoyapinga. Sikiliza No Leaf Clover: okestra ndiyo inayofungua, bendi inaingia baadaye. The Call of Ktulu ya onyesho hilo ilishinda tuzo ya Grammy mwaka 2001.

Bendi nyingi zilizofuata zimetandika fidla chini ya magitaa kama zulia, na kwangu huo si mchanganyiko.

Kamen alifariki Novemba 2003. Mwaka 2019 Metallica na okestra ileile walikutana tena San Francisco kwa maonyesho mawili, na nyimbo nyingi zilipigwa kwa mpangilio alioandika yeye.