Nyumba ya likizo Zanzibar: hesabuni ngazi kabla ya kulipa



Likizo ya Disemba inakaribia, na kila Jumamosi watoto wakimaliza darasa nawasikia wazazi pale getini mkiulizana jambo lilelile: tukienda Zanzibar, tufikie wapi? Mipango yenu inafanana. Ninyi mnatoka Johannesburg kwa ndege. Bibi anatoka Kigoma, Tabora au Tanga, anafika Dar es Salaam na kuvuka kwa boti. Mnakutana Unguja kwa siku saba, watu wanane au tisa, wa kwanza ana miaka miwili na wa mwisho ana sabini na kitu. Hoteli kwa watu tisa ni ghali, tena kila mmoja anajifungia chumbani kwake. Kwa hiyo mnatafuta nyumba nzima ya kupanga. Naungana nanyi, ila naomba mchague nyumba hiyo kwa magoti ya Bibi, si kwa picha.

Watoto wengi wa darasa letu wanamjua Bibi kwa sauti ya simu tu. Wanasema "Shikamoo Bibi", anaitikia "Marahaba mjukuu wangu", halafu simu inarudishwa kwa mama. Hizo siku saba ndizo za kukaa naye. Akipandishwa ghorofa ya tatu Jumatatu na asiweze kushuka hadi siku ya kuondoka, wajukuu watakuwa baharini naye atakuwa kitandani akiangalia dari. Mtarudi na picha nyingi na mazungumzo machache.

Tuanze na neno lenyewe, maana watoto wanalichanganya. Anayetafuta nyumba anapanga. Mwenye nyumba anapangisha. Ukimwambia mwenye nyumba "nataka kupangisha nyumba yako", atadhani wewe ni dalali. Aliyepanga anaitwa mpangaji, na anacholipa ni kodi. Wale wa Goma na Bukavu mmezoea kumwita mwenye nyumba bailleur. Kule Unguja semeni "mwenye nyumba" tu, mtaeleweka. Na panga la kukatia kuni ni neno jingine kabisa, msiogope.

Picha nyingi mtakazotumiwa ni za Mji Mkongwe, ile sehemu ya zamani ya mji ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Nyumba nyingi za huko zilijengwa karne ya 19 kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta zake ni nene na zinapunguza joto, jambo zuri sana mwezi wa Disemba. Dari zimebebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ya mkoko haiwi ndefu sana, vyumba vikawa virefu na vyembamba. Hilo ni la kukumbuka mnapoangalia picha ya kitanda kikubwa cha nakshi chenye nguzo nne. Kitanda kile kinaweza kula chumba chote, pasibaki nafasi ya godoro la mtoto wala kiti cha Bibi kuvalia viatu. Ulizeni upana wa chumba, msiulize idadi ya vitanda tu.

Jambo la pili ni ngazi. Katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe chini palikuwa duka au stoo, familia ikaishi juu. Mpaka leo nyumba inayopangishwa mara nyingi iko ghorofa ya kwanza au ya pili, na ile sehemu nzuri ya juu ya paa yenye mito ya rangi na bahari kwa mbali iko juu zaidi ya hapo. Kwa kawaida lifti hakuna. Ngazi zenyewe ni kali, nyingine za mbao, na vidato vyake havilingani. Hata mlango wa nakshi ambao kila mtu anaupiga picha huwa una kizingiti kilichoinuka, inabidi unyanyue mguu kuingia. Sisi wa La Rochelle wengi tunaishi nyumba za chini za bati, hatua mbili tatu za barazani basi, kwa hiyo mawazo yetu hayaendi kwenye ngazi mpaka tumezifikia na mabegi mkononi.

Mimi kazi yangu ni uuguzi, na wazee walioanguka nimewahudumia sana. Mzee akivunjika nyonga, maisha yake yanabadilika. Kwa hiyo kabla ya kutafuta nyumba, mpigieni Bibi na mumuulize: ukipanda ngazi unasimama mara ngapi kupumzika? Ukishuka unashika ukuta? Asiulizwe "utaweza?" Bibi zetu wote hujibu kwamba wataweza. Na mkiona ngazi chache haziepukiki, mfundisheni hivi: kupanda anatanguliza mguu wenye nguvu, kushuka anatanguliza ule unaouma, mkono mmoja umeshika ukuta au mbao, na mtu mzima yuko upande wa chini yake. Mjukuu wa miaka kumi asipewe kazi hiyo, hata akiiomba.

Gari nalo halifiki kila mahali. Ndani ya Mji Mkongwe ni vichochoro. Taksi itawashusha barabarani, na kutoka hapo ni miguu, labda na kijana mmoja wa kusukuma mizigo kwa mkokoteni. Mwenye nyumba akisema "hapo tu", anapima kwa miguu yake. Kwa mwendo wa Bibi, na jua la Disemba, na mawe ya njia yasiyo sawa, "hapo tu" ni safari.

Maoni yangu ni haya. Kama kwenu kuna mzee wa magoti au mama mjamzito, msipange katikati ya vichochoro vya Kiponda au Hurumzi, hata nyumba ipendeze vipi. Tafuteni pembezoni ambako gari linafika: Vuga, Malindi, baadhi ya sehemu za Shangani. Vuga ina faida nyingine, iko karibu na hospitali ya Mnazi Mmoja. Au vukeni Barabara ya Creek muingie Ng'ambo, Kikwajuni au Kilimani, mkatafute nyumba ya chini yenye uwanja. Watalii hawaiulizii sana, lakini watoto watacheza nje na Bibi atawaona akiwa amekaa kwenye kiti. Mji Mkongwe mtautembelea asubuhi na kurudi. Angalizo: Ng'ambo nako kuna maghorofa, kama yale marefu ya Michenzani yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Msisikie "Ng'ambo" mkadhani ni chini moja kwa moja.

Choo. Najua si jambo la kuandika gazetini, lakini mimi ni muuguzi. Ulizeni kama ni cha kukaa au cha kuchuchumaa, maana mwenye magoti mabovu akichuchumaa hainuki. Ulizeni kiko hatua ngapi kutoka kitanda cha Bibi, na kama kiko ghorofa ileile. Mzee huamka usiku mara mbili tatu, na safari hiyo ya gizani kwenye vigae vilivyolowa ndiyo ya hatari kuliko zote. Bebeni taa ndogo ya kuacha ikiwaka na ndala zisizoteleza. Watu tisa na choo kimoja asubuhi ni ugomvi, viwe viwili angalau.

Sebule ni ya pili baada ya choo. Nyumba yenye vyumba vinne vizuri lakini haina pahala pa watu tisa kukaa pamoja haiwafai, mtakuwa mmepanga hoteli. Tafuteni ukumbi, au uwanja, au hata baraza pana ya mlangoni. Chumba cha Bibi kiwe karibu na hapo, ili akichoka ajilaze na bado asikie maneno. Na televisheni ikiwa kwenye chumba cha watoto, ombeni ihamishwe au ichomolewe. Nasema kama mwalimu sasa. Mtoto anayekaa jikoni na Bibi akimenya vitunguu saumu siku tatu atajifunza maneno ambayo mimi siwezi kumfundisha kwa muhula mzima wa Jumamosi.

Jikoni basi: mtungi wa gesi una gesi? Wengine hukabidhi mtungi mtupu. Sufuria kubwa ya pilau la watu tisa ipo? Mkikaa karibu na soko la Darajani mtanunua samaki na ndizi asubuhi kwa miguu. Maji ya bomba yanaweza kukatika, sisi wa Johannesburg hatuhitaji kufundishwa hilo. Ulizeni kama kuna tangi na kama maji yanapanda hadi juu. Umeme wa Unguja unatoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na Wazanzibari hawajasahau miezi mitatu ya giza kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Siku hizi hali ni tofauti, lakini kama Bibi anatumia insulini inayokaa kwenye friji, swali la jenereta ni la dawa, si la anasa. Plagi zetu za miguu mitatu minene ya duara haziingii kwenye soketi za Tanzania, ambazo ni za miguu mitatu bapa. Nunueni adapta kabla ya kuondoka.

Sasa mbu. Zanzibar imepunguza malaria kwa kiasi kikubwa, lakini haijaisha, na bara bado ipo. Watoto waliozaliwa hapa Johannesburg miili yao haijawahi kukutana nayo. Kila kitanda kiwe na chandarua kisichotoboka, na madirisha yawe na wavu. Nendeni kliniki wiki kadhaa kabla ya safari mkaulizie dawa za kinga, hasa kwa wadogo na wajawazito. Na mkisharudi, mtoto akipata homa, hata mwezi umepita, semeni mlangoni mwa kliniki: "Tulikuwa Tanzania, naomba apimwe malaria." Hapa baridi ikiwa kidogo homa inadhaniwa ni mafua, na malaria haisubiri.

Kuhusu hela, ulizeni kama bei ni ya nyumba au ya kila kichwa, kama kodi ya serikali imo, na amana inarudi lini. Tangu Oktoba 2024 wageni wasio Watanzania wanalipa pia bima ya lazima ya kuingia Zanzibar, dola 44 za Marekani kwa mtu mzima. Mwenye pasipoti ya Afrika Kusini ni mgeni, hata kama Bibi yake ni wa Tanga. Bibi mwenyewe hailipi. Lisiwakasirishe, liwekeni tu kwenye bajeti.

Msitume hela kwa picha. Picha hazina ngazi. Mwombeni mwenye nyumba simu ya video, atembee nayo bila kukata kutoka pale taksi inaposimama hadi kwenye kitanda cha Bibi, kisha hadi chooni. Asiyekubali kufanya hivyo, tafuteni mwingine.

Na simu hiyo apige mtoto. Kundi la wakubwa tumeshafanya mazoezi, hivi:

"Asalaam alaykum. Shikamoo, baba. Napiga simu kutoka Afrika Kusini, mama yangu yuko hapa pembeni. Tunataka kupanga nyumba yako kwa siku saba."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni sana."

"Ahsante. Ngazi ni ngapi kutoka mlangoni?"

"Si nyingi, mwanangu."

"Naomba unihesabie, baba. Tunakuja na Bibi."

Mkitaja Bibi mtaona sauti inabadilika. Watu wengi wataanza wenyewe kuwaambia kasoro za nyumba, au watawaelekeza kwa jirani mwenye chumba cha chini. Ndiyo faida ya kuuliza kwa Kiswahili.

La mwisho ni saa ya kupokea funguo. Mwenye nyumba akisema "njooni saa nane mchana", ni 14:00 kwenye simu yenu. Akisema "saa mbili", si 14:00 hata kidogo, ni 8 asubuhi au 8 usiku, muulizeni ipi. Tena saa za kule ziko mbele ya zetu kwa saa moja, na Bibi anaweza kuwa ameshashuka botini anawasubiri. Jumamosi ijayo wanafunzi walete kalamu na saa ya ukutani ya zamani kama ipo nyumbani, tutafanya zoezi hilo.