Wanaoondoka Mashirika ya Ndege

Mfanyakazi wa shirika la ndege huondoka kwa sababu ya umri, kwa kuitwa na mwajiri mwingine, au kwa sababu shirika lenyewe limeanguka. Afrika Mashariki, anguko ndilo lililowatoa watu wengi kwa mkupuo. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilisimama mwanzoni mwa 1977, na Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyolimiliki ikavunjika mwaka huohuo. Machi 1977 Tanzania iliunda shirika lake, lakini madai ya mafao ya waliotumikia Jumuiya, wakiwemo wa reli, posta na bandari, yalibaki yananing'inia. Mkataba wa 1984 wa kugawana mali ulizitaka nchi tatu zilizokuwa wanachama zilipe kila moja raia wake. Wastaafu wa Tanzania walifika mahakamani mwaka 2003, na hati ya makubaliano na serikali ikapatikana 2005. Ni miaka 28 baada ya kazi kwisha. Wengi walikuwa wamefariki, na warithi ndio waliobaki wakihangaika na mafaili. Huo ni ucheleweshaji usio na utetezi.

Ng'ambo ya mpaka, Wamalawi nao walishuhudia Air Malawi ikifilisiwa, na shirika jipya lenye ubia na Ethiopian Airlines likashika nafasi yake.

Kustaafu kwa umri kuna utaratibu ulio wazi zaidi. Mtumishi wa umma Tanzania hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, kwa lazima akiwa na 60. Kwa marubani wa ndege za abiria za kimataifa zenye marubani wawili, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilipandisha ukomo kutoka 60 hadi 65 mwaka 2006. Aliyevuka 60 alitakiwa kuruka na mwenzake mwenye umri wa chini ya huo, sharti lililoondolewa 2014. Hata hivyo, hupimwa afya kila miezi sita.

Wanaoitwa kwingine huacha pengo gumu zaidi kuziba. Mashirika ya Ghuba huvuta marubani na mafundi wazoefu wa Afrika Mashariki kwa mishahara mikubwa. Rubani aliyezoea Bombardier Q400, ndege ya mapangaboi inayofaa safari za ndani kama za Dar es Salaam na Songwe, hawezi kuhamishiwa Airbus A220 bila kusomea aina hiyo na kufanyiwa mtihani. Kwa hiyo kila anayeondoka huacha gharama ya kumfundisha mwingine. Baadhi ya mashirika humfunga mwanafunzi kwa mkataba: akiondoka kabla ya muda, hurudisha fedha za mafunzo. Mkataba pekee hautoshi; mfanyakazi hutazama pia mafao yake. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma, na miongoni mwa madai yao ni kurejeshwa kwa michango ya mwajiri kwenye mfuko wao wa akiba ya uzeeni, iliyosimamishwa wakati wa Uviko.