Aprili Maktabani: Likizo, Mvua na Bajeti

Shule zinapofungwa mwezi wa Aprili na mvua za masika kuanza, maktaba ya umma huwa kimbilio la watoto ambao nyumbani hawana taa wala meza ya kusomea. Ndiyo maana shughuli nyingi hupangwa wakati huu: hadithi kwa watoto wadogo, mashindano ya kusoma kwa sauti, na mafunzo ya kompyuta kwa vijana waliomaliza kidato cha nne. Tarehe 23 Aprili pia ni Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka wa 1995.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaweka maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti. Kwa hivyo vitabu vipya, viti na paa lisilovuja hutegemea bajeti ya kaunti.

Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, makadirio ya bajeti hufikishwa katika Bunge la Kaunti kabla ya Aprili 30 kuisha. Kamati husika husikiliza maoni ya wananchi kabla ya makadirio kuidhinishwa.

Wazazi wanahimizwa kuhudhuria vikao hivyo, na kila anayeingia maktabani ajiandikishe katika daftari la wageni. Daftari hilo ndilo ushahidi wa mkutubi kwamba maktaba inatumika. Likiwa tupu, ni vigumu kuitetea maktaba fedha zinapogawanywa.