Je, Wajua? Picha za Vifaru na Vijiji Vilivyobomolewa

Je, wajua kwamba gari mashuhuri la mpiga picha wa vita lilikuwa la mfanyabiashara wa mvinyo? Roger Fenton, Mwingereza, alilinunua, akaligeuza chumba cha giza, akaenda nalo Crimea mwaka 1855. Asingeweza kuliacha nyuma: kioo kilipakwa dawa, kikapigiwa picha na kusafishwa kabla dawa haijakauka, na kwa joto la huko ilikauka upesi.

Mbona basi picha za enzi hizo zimejaa mizinga iliyoegeshwa na kuta zilizoporomoka, wapiganaji hawaonekani? Kioo kilihitaji sekunde kadhaa kunasa mwanga. Anayekimbia angetoka kama ukungu. Ndiyo maana tumerithi magofu mengi kuliko mapigano.

Bonde moja Fenton alilipiga mara mbili: picha moja ina matufe ya mizinga yaliyotapakaa barabarani, nyingine barabara tupu. Ipi ilitangulia? Mtengenezaji filamu Errol Morris alifuatilia vijiwe vilivyoteleza kidogo mlimani kati ya picha hizo, akahitimisha kuwa tupu ndiyo ya kwanza. Yaani kuna mtu aliyeyapanga matufe yale. Nalikubali hitimisho hilo. Vijiwe havina upande vitani.

Wajua vifaru viliingia vitani lini? Tarehe 15 Septemba 1916, Flers-Courcelette, Ufaransa. Mpiga picha Ernest Brooks alikipiga picha kimoja siku hiyohiyo. Kitazame nyuma: kina magurudumu mawili ya kukisaidia kukata kona. Juu kimewekewa paa la wavu, guruneti zisitue.

Mwaka 1917 magofu ya Reims yalipigwa picha za rangi, kwa vioo vilivyopakwa chembe za wanga wa viazi zilizotiwa rangi.

Kijiji cha Fleury, karibu na Verdun, hakikujengwa tena baada ya kubomolewa vitani mwaka 1916. Hakina mkazi hata mmoja, lakini kina meya hadi leo, na Ufaransa imefanya vyema kutokifuta.

Na Villers-Bocage, Normandy? Juni 1944 wapiga picha wa jeshi la Ujerumani walivipiga picha vifaru vya Uingereza vilivyoteketezwa hapo tarehe 13, ili kutangaza ushindi. Nyuma ya mabaki, nyumba nyingi bado zimesimama. Tarehe 30 ndege za Uingereza ziliushambulia mji huohuo kwa mabomu, kuwazuia Wajerumani wasipitishe vifaru vyao katika njia panda yake.