Poka: Kwa nini karata nzuri humlemea anayetangulia kuamua

Mwezi Mei mwaka 2003, katika kasino ya Binion's Horseshoe mjini Las Vegas, Marekani, wachezaji wawili tu ndio waliosalia mezani kati ya 839 walioanza mashindano makuu ya dunia ya mchezo wa karata uitwao poka. Mmoja alikuwa Sam Farha, mzaliwa wa Lebanon na mchezaji mzoefu wa kulipwa. Mwingine alikuwa Chris Moneymaker, mhasibu wa miaka 27 kutoka jimbo la Tennessee. Kiingilio cha mashindano hayo kilikuwa dola 10,000, lakini Moneymaker alipata nafasi yake kupitia mchujo wa ada ndogo uliofanyika kwenye intaneti.

Mshindi angeondoka na dola milioni 2.5, na wa pili dola milioni 1.3. Katika mchezo mmoja wa siku hiyo, ambao hadi leo hutajwa kila wachezaji wa poka wanapokutana, Farha alikuwa na karata bora kuliko za mpinzani wake. Akazitupa.

Wengi husema alishikwa na hofu. Lakini ukiufuata mchezo ule hatua kwa hatua, utaona kwamba tatizo lake lilianza mapema zaidi, nalo lilitokana na jambo ambalo wachezaji wageni hulidharau: nani anatangulia kuamua na nani anaamua mwisho.

Zamu ina thamani yake

Katika aina ya poka inayochezwa zaidi duniani, iitwayo Texas Hold'em, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kisha karata tano za pamoja hufunuliwa mezani: kwanza tatu kwa mpigo, halafu ya nne, na mwisho ya tano. Kabla ya karata hizo kufunuliwa, na baada ya kila hatua, wachezaji huzungumza kwa zamu. Anayezungumza anaweza kuweka dau, kulipa dau la mwenzake, kuliongeza, kupita bila kuweka kitu ikiwa hakuna dau mbele yake, au kutupa karata zake na kujiondoa. Anayeshinda huchukua fungu lote lililokusanyika mezani.

Anayezungumza mwisho hufanya uamuzi akiwa ameona mwenzake alichofanya. Anayetangulia hana faida hiyo. Huamua gizani, kisha hungoja. Tofauti hii hurudiwa katika kila duru baada ya karata za mezani kufunuliwa, na kila inaporudiwa huongeza gharama ya kukosea.

Mwenye karata zisizoshindika haoni taabu kubwa hata akitangulia, kwa kuwa kila sarafu inayoingia mezani ni ya faida kwake. Mwenye karata dhaifu naye huzitupa na kungoja mchezo mwingine. Anayepata shida ni yule aliye katikati: ana karata nzuri, pengine nzuri kuliko zote kwa wakati huo, lakini zinazoweza kushindwa. Mfano wake ni jozi inayoundwa na karata kubwa kuliko zote zilizo mezani.

Mchezaji huyo akitangulia na kuweka dau kubwa, wenye karata duni kuliko zake hukimbia, na wanaobaki kumlipa huwa hasa wale wanaomshinda. Akipita, humpa mpinzani nafasi ya kuona karata inayofuata bila malipo, au ya kumtisha kwa dau la uongo. Kila njia ina hasara yake.

Yaliyomkuta Farha

Farha alikuwa na malkia wa shupaza na tisa ya kopa. Moneymaker alikuwa na mfalme wa shupaza na saba ya kopa, akaongeza dau hadi 100,000 za sarafu za mchezo, na Farha akalipa. Karata tatu za kwanza zikafunuliwa: tisa ya shupaza, mbili ya uru na sita ya shupaza. Farha alikuwa tayari na jozi ya tisa, na hakuna karata ya mezani iliyozidi tisa. Yeye ndiye aliyetangulia kuzungumza. Akapita, na Moneymaker naye akapita.

Karata ya nne ilikuwa nane ya shupaza. Sasa Farha akaweka 300,000. Moneymaker, aliyekuwa hana hata jozi, akapandisha hadi 800,000. Alichokuwa nacho ni matumaini: shupaza yoyote ingempa karata tano za shupaza, na tano au kumi ingempa mfululizo wa karata tano. Tukihesabu pia mfalme, ambaye angempa jozi kubwa zaidi, kati ya karata 44 ambazo hazikuwa mezani wala mikononi mwao, 17 zingempa ushindi na 27 zingemwacha Farha mbele.

Farha akalipa, na fungu likafika takriban milioni 1.8. Karata ya mwisho ikawa tatu ya kopa, isiyomsaidia yeyote. Farha akapita tena. Moneymaker akasukuma mbele sarafu zake zote.

Farha alifikiri kwa muda mrefu. Hata alikisia kwa sauti kwamba huenda mwenzake alikuwa akiisubiri shupaza na kuikosa. Kisio lake lilikuwa sahihi. Hata hivyo, kwa jozi moja ya tisa, hakuthubutu kuhatarisha sarafu nyingi kiasi hicho, akazitupa karata zake.

Afanyeje anayetangulia?

Tiba ya kwanza huanza kabla ya karata za mezani kufunuliwa. Anayejua kwamba atatangulia katika duru zote zinazofuata hupunguza karata anazokubali kucheza nazo. Ree akiandamana na karata ndogo hupendeza machoni, lakini mara nyingi huzaa jozi nzuri inayoshindwa na ree mwenye mwenzi mkubwa zaidi.

Ya pili ni kulinganisha ukubwa wa fungu na nguvu ya karata. Jozi moja hustahili fungu dogo au la wastani. Kwa hiyo mchezaji huweka dau la kiasi, ambalo hata mwenye karata duni anaweza kushawishika kulilipa, kisha hupita katika duru mojawapo badala ya kuweka dau katika zote.

Ya tatu ni kupita mara nyingine hata akiwa na karata kali, kisha kuongeza dau la mpinzani linapokuja. Asipofanya hivyo, kila anapopita huwa ni kama anatangaza udhaifu wake, na wapinzani hawatakawia kulitambua hilo.

Ya nne ni hesabu. Mpinzani akiweka dau linalolingana na fungu, unalipa moja ili upate mbili. Yatosha uwe sahihi mara moja kati ya tatu. Akiweka nusu ya fungu, yatosha mara moja kati ya nne. Swali basi si kama karata zako ni bora bila shaka yoyote. Swali ni kama zitakuwa bora mara za kutosha. Na ni vyema kulijibu kabla ya kupita, kwa sababu anayepita bila kujua atafanya nini akitishwa huwa amemwachia mwenzake uamuzi.

Hesabu hizo hazimhakikishii mtu ushindi. Hufaa tu mtu anapocheza mara nyingi, na hazimsaidii anayeweka mezani fedha asizomudu kuzipoteza.

Mwisho wa Farha

Farha hakupata muda mrefu wa kurekebisha mambo. Katika mchezo wa mwisho, karata tatu za kwanza zilikuwa ghulamu, tano na nne. Farha, mwenye ghulamu na kumi, alikuwa tena na jozi kubwa kuliko zote za mezani, na safari hii aliweka kila alichobaki nacho. Moneymaker alikuwa na tano na nne, yaani jozi mbili. Na karata ya mwisho ikamwongezea tano nyingine.

Mara ya kwanza Farha aliitupa jozi iliyokuwa ikishinda. Mara ya pili aliing'ang'ania jozi iliyokwisha kushindwa. Ushindi wa mhasibu huyo uliwavuta wengi, na mwaka uliofuata washiriki walifika 2,576. Kila mmoja wao, siku moja, angeshika jozi kama ile ya tisa na kutakiwa azungumze kwanza. Wahenga walisema kutangulia si kufika.